Aliyeingia Mapema

Jina lake silitaji. Waliomjua watamjua, na wasiomjua hawatapungukiwa kitu. Sisi tulimwita Mwalimu, na pale Ifakara hata uwapange walimu wa shule zote foleni moja, ukisema Mwalimu bila kuongeza neno mtu atakuuliza, "Yule wa kwaya?" Wala hakuwahi kufundisha shule. Alikuwa na shamba la mpunga Katindiuka, baiskeli isiyo na breki, na masikio.

Masikio yale ndiyo yaliyotutesa. Kwaya nzima inaimba kwa nguvu zake zote, yeye anainua mkono, anasema, "Kuna mtu ana pipi." Na kweli, ukitafuta, yupo mtu ana pipi. Mwenyewe alikuwa anatafuna mchele mbichi, anautoa punje mojamoja kwenye mfuko wa shati, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini mchele wake haukuwa na kelele.

Hakuwa mtu mwema. Nalisema hili sasa hivi ili asiwepo anayesoma akisubiri mzee wa huruma. Binti mmoja wa soprano, Mwalimu alimwambia mbele yetu sote kwamba sauti yake ingefaa kufukuzia ndege mpungani. Yule binti ameolewa Mahenge, ana watoto, na hajaimba tena mpaka leo, hata wimbo wa kumlaza mtoto. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia, "Dada, nikifungua mdomo namsikia." Mzee mmoja wa besi alikuja mazoezini akitokea moja kwa moja kumzika kaka yake, udongo bado uko kwenye viatu. Mwalimu akampa mkono, akasema, "Pole sana, mzee wangu. Haya, besi." Mzee akaimba. Sote tulifikiri ni ukatili, na ulikuwa ukatili, lakini yule mzee alirudi tena Jumatano, na Jumatano nyingine, na akafa akiwa besi.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu upande wa sokoni, na kwenye kwaya nilikuwa alto. Yeye aliniita Fundi. Sijui kama alikuwa analijua jina langu.

Kitu alichokipenda kuliko sauti ya mtu yeyote kilikuwa kimya. Nyimbo zake zote alizotunga ziliwekewa mahali ambapo kwaya nzima inanyamaza, ghafla, katikati ya maneno, na kinanda kinanyamaza, na unasikia feni ya kanisa. "Kimya nacho kinaimbwa," alituambia. "Anayekiogopa aende harusini akapige vigelegele." Sisi tuliogopa. Ukinyamaza mbele ya watu moyo unakwenda mbio, unahisi umekosea, unahisi wanakutazama, ulimi unawasha. Kila mara alipatikana mmoja anayeshindwa kuvumilia, akaanza kabla ya mkono wa Mwalimu. Hapo hakuna kelele wala matusi. Alikuwa anashusha mkono taratibu na kusema, "Umeingia mapema. Toka." Unatoka, unasimama nje ya mlango mpaka mazoezi yaishe, na mbu wa Ifakara hawana dini.

Ndiko nilikomjua mkewe. Nilitolewa mazoezi ya Pasaka, nikamkuta nje amekaa juu ya tofali akimenya karanga, anamsubiri mumewe watembee pamoja kurudi nyumbani. Alinisogezea tofali la pili.

"Umeingia mapema?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Mimi niliingia mapema tangu siku ya harusi."

Alikuwa na sauti mbovu, maskini, kubwa na mbovu, inakwenda inakotaka. Aliomba kujiunga na kwaya, mumewe akakataa. Alisema mbele ya viongozi wa kwaya kwamba mke wake haimbi, anaita ng'ombe. Mama mwenyewe alinisimulia huku anacheka mpaka karanga zinamwagika. Shambani aliimba alivyotaka, na watu wa mashamba ya jirani walijua saa za kula kwa kumsikia. Kwa kusikilizia kwenye dirisha la ukumbi wa mazoezi alizijua nyimbo zote za mumewe, sauti zote nne, na hakuna hata moja aliyoweza kuiimba.

Makofi, Mwalimu alisema, Mungu alituwekea kwa ajili ya mbu. Kwenye matamasha wenzake wakimaliza wanageuka, wanainama, wanatabasamu mpaka wapigwe picha. Yeye aliwapa mgongo watu, akakusanya karatasi zake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Watu wakasema, mtu mnyenyekevu yule. Mh. Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua vizuri, namwona huyo na suruali mkononi. Zipu imeharibika, anasema. Naitazama zipu, nzima. Naivuta juu, naivuta chini. Yeye anatazama sokoni kana kwamba ananunua nyanya, kisha anauliza, "Watu walisemaje, Fundi?" Namwambia walifurahi. "Walifurahi vipi?" Namwambia walipiga makofi muda mrefu. "Muda mrefu kuliko wale wa parokia ile nyingine?" Suruali ile nimeitengeneza miaka yote na haijawahi kuharibika.

Basi, mwishoni mwa masika ya mwaka mmoja, mkewe alizama.

Mashamba yetu mengine yako ng'ambo ya maji, bondeni kabisa, ambako daraja halijafika wala sijui kama litafika. Watu huhamia huko kwenye vibanda mpaka wavune, na maji yakiwa bado juu wanarudi na mitumbwi. Mwenye mtumbwi ule alikuwa mwanamume mmoja mnene, mwenye mwanya na kicheko kizuri sana. Ukimsikia anacheka ng'ambo ya barabara unatabasamu kabla hujajua kwa nini. Alipakia watu, akapakia na magunia ya mpunga, ya kwake. Katikati ya maji mtumbwi ukaanza kunywa. Bibi mmoja wa Idete aliyenusurika alisimulia yote, na hakuna aliyempinga: mke wa Mwalimu alimwambia yule bwana atupe magunia. Yeye akajibu kwamba magunia yale yana mwenyewe. Mtumbwi ukapinduka.

Magunia yalikuwa yamefungwa kamba kwenye mtumbwi, kwa hiyo yalipatikana siku ileile. Watu hawakuwa wamefungwa kamba. Mke wa Mwalimu alipatikana kwenye matete baadaye, na wengine baada yake.

Huyu bwana akawaje shujaa? Simu, mwenzangu. Alipokuwa anatoka majini, mtoto mmoja alikuwa amemng'ang'ania shingoni. Yule bibi wa Idete anasema alijaribu kumbandua mtoto mara mbili akashindwa. Lakini aliyekuwa ukingoni na simu alimpiga video akitoka, mnene, maji yanachuruzika, mtoto shingoni, jua nyuma yake. Video ikazunguka magrupu yote mpaka Morogoro. Alipoitwa kituoni kuhojiwa, bodaboda zilimsindikiza na kumrudisha zikipiga honi. Kufika mwisho wa mwezi alikuwa hana jina tena, anaitwa Shujaa. Fulana zikachapwa, zina sura yake. Kinyozi akabadilisha kibao. Pakawa na Kombe la Shujaa, mshindi anapewa mbuzi. Hata sasa Katindiuka wapo watoto wawili wa darasa la awali wanaoitwa Shujaa, na mmoja anajikojolea.

Hao waliokuwa wanampungia mkono ndio haohao waliokuwa wamefiwa. Sitegemei mtu asome hili bila kutikisa kichwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu anapenda kufiwa ndani ya hadithi nzuri kuliko kufiwa bure.

Sasa nieleze la utani, maana bila hilo hayaeleweki yaliyofuata. Mwalimu alikuwa Mhehe. Shujaa alikuwa Mngoni. Mhehe na Mngoni ni watani tangu vita vya babu zao, na mtani msibani ana ruhusa zote: anachimba kaburi, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anaingia shimoni na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu.

Siku ya kumzika mke wa Mwalimu, nani kaja kuwa mtani? Huyohuyo. Alitoka nyuma ya nyumba amevaa kitenge cha marehemu na kilemba chake, kikapu kichwani, anaimba kwa ile sauti kubwa mbovu, anaimba nyimbo za Mwalimu, sauti imepinda hasa pale alipokuwa akipinda marehemu mwenyewe. Alimpatia mno. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na kamasi zao. Mimi nilicheka, sikatai, ungemsikia usingeweza kujizuia. Kisha nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anacheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mchele mdomoni, anacheka kwa adabu kama inavyotakiwa, na desturi ilipofika akanyanyuka akampa mtani kuku wake. Shujaa akapokea kuku kwa mikono miwili na kupiga goti.

Mwalimu alikaa mwaka mzima bila kutunga kitu. Mazoezi aliendesha, watu alitoa nje, lakini nyimbo zilikuwa zilezile. Halafu siku moja alikuja kwenye meza yangu bila suruali ya kutengeneza, akaniuliza kama naweza kushona sanda.

"Nani amefariki, Mwalimu?"

"Bado," akasema.

Alikuwa ametunga mchezo mzima wa kuimba, mwanzo mpaka mwisho, unaitwa Mazishi ya Shujaa. Jeneza liko katikati ya jukwaa, ndani yake amelala kijana wetu wa teno aliyefungwa mto tumboni. Sisi kwaya ndio wafiwa. Tunakuja mmoja mmoja kumsifu marehemu: mjane anamsifu kwa kumfanya mjane, fundi seremala anamsifu kwa kumpa kazi ya majeneza, mamba anamsifu kwa kumkaribisha mezani. Nilicheka nikisoma mpaka nikajichoma sindano. Mwalimu hakucheka. Aliniambia maneno ambayo sijawahi kumsikia akisema kabla wala baada: "Fundi, sitaki afungwe. Sitaki anilipe. Nataka watu waliokaa pale wanyamaze. Mara moja tu, wanyamaze, wajue wamefanya nini."

Na kila baada ya ubeti tulikuwa na kiitikio:

*Gunia lina kamba, gunia limefika,*
*mtu hana kamba, mtu kabaki chini.*
*Shujaa, Shujaa, nani kama wewe?*

Hapo pana kimya. Kirefu kuliko vyote alivyowahi kuviweka. Kisha, polepole:

*Gunia lako halijambo nyumbani.*

Tulikifanyia kazi kile kimya kuliko wimbo wenyewe. Alitoa watu nje mpaka siku nyingine tuliobaki ndani tulikuwa wachache kuliko waliosimama mlangoni. Nilitolewa na mimi. Nje palikuwa na matofali mawili, hakuna aliyeyakalia.

Kosa lake lilikuwa moja na alilifanya kwa sababu ya kiburi. Hakuweza kutunga wimbo mbaya. Maneno yale, mtu mwenye akili angeyawekea tuni ya kuchubua masikio. Yeye aliyawekea mdundo wa sangula, ngoma ambayo Mpogoro akiisikia hata akiwa kitandani anaumwa, bega linacheza lenyewe. Nilimwambia, "Mwalimu, huu wimbo mtamu sana." Akafurahi, masikini, akadhani namsifu.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Shujaa alikuja na vijana wake wa fulana, akakaa mstari wa mbele, miguu ameitandaza. Tukaanza. Ubeti wa kwanza watu walicheka, nikajua wameelewa. Kiitikio cha kwanza wakaanza kutikisa mabega. Tukafika kwenye kimya, mkono wa Mwalimu uko juu, na ndani ya kile kimya akinamama wa mstari wa pili wakajaza vigelegele. Kiitikio cha pili ukumbi wote uliimba na sisi. Cha tatu walikuwa wamesimama. Walikuwa wanaimba mtu hana kamba, mtu kabaki chini, na wanarusha leso.

Ndipo Shujaa akanyanyuka. Alipanda jukwaani akicheza, mnene yule lakini miguu myepesi, akaenda mpaka kwenye jeneza, akamgonga teno wetu kwenye mto wa tumbo. "Toka, kijana. Mwenyewe nimefika." Teno akatoka. Shujaa akaingia, akajilaza, akakunja mikono kifuani. Nilidhani paa la ukumbi litaanguka. Kisha akakaa humohumo jenezani, akaomba kipaza sauti, na kijana wa mitambo akampa bila kumtazama Mwalimu.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu Mhehe ni mtani wangu. Alipofiwa, nilimzikia mkewe kwa utani, akanipa kuku. Leo na yeye kanizika. Tumelipana." Akacheka kile kicheko chake. "Ila kuku wangu alikuwa mkubwa kuliko huu wimbo."

Ndio ukawa mwisho. Sijui kama mtu asiye wa huku anaelewa alichokifanya. Neno moja, mtani, na kila kitu tulichoimba kikawa mchezo. Mtani hasemi kweli, mtani anatania. Hata yule bibi wa Idete, tangu siku ile akisimulia ya magunia watu wanamcheka na kumwambia, bibi, na wewe umeanza utani. Mwalimu alibaki amesimama na mkono juu. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Asubuhi nilimsubiri na zipu yake. Hakuja.

Wimbo haukufa. Shujaa aliufanya mlio wa simu yake, na alipogombea uenyekiti wa mtaa ulipigwa kwenye spika kutoka asubuhi. Akashinda. Harusini ukapigwa. Watoto waliruka nao kamba, kwa sababu una kamba. Kwaya yetu iliombwa kuuimba kwenye mahafali, tukauimba, na kwenye kimya wahitimu walipuliza vuvuzela.

Na Mwalimu akawa maarufu. Hili ndilo linaloniuma kulisimulia. Mara ya kwanza walipomwita msibani, kule Wangoni walikofiwa, ili wapate utani kutoka kwa Mhehe aliyemzika Shujaa akiwa hai, alikataa. Mara ya pili hakukataa. Alianza kwenda na wimbo wake, anauimba kaburini, anabadilisha jina la marehemu, watu wanagaragara. Akaacha kwaya. Siku moja alikuja mezani kwangu, nikafurahi, nikanyoosha mkono nipokee suruali. Alikuwa amebeba gunia. Alitaka nimshonee koti la gunia, la kuvaa misibani, na kamba iwe mkanda.

"La gunia, Mwalimu?"

"Watu wanalipenda hilo la gunia," akasema, na akatazama nyanya.

Nikamshonea. Lilimkaa vizuri. Kila alikopita watoto walikimbia nyuma yake wakiimba, naye akawa anawainulia mkono kama anawaongoza. Mtu aliyesema makofi ni ya mbu alikuwa anasimamisha baiskeli njiani ili apigwe picha. Nilimchukia kipindi kile. Nilikuwa nikimwona anakuja nainama kwenye cherehani.

Kisha Shujaa akafa kweli. Sukari, wakamkata mguu, akafa. Msiba wake haukuwa na mfano. Mahema, sufuria za pilau, watu kutoka Chita na Idete na Mahenge, bodaboda zimefungwa vitambaa vyeusi. Na mtani nani? Hapakuwa na haja ya kuuliza. Watu wengine, nadhani, walikuja kwa ajili ya mtani kuliko marehemu.

Kabla jeneza halijashushwa, Mwalimu aliingia shimoni na koti lake la gunia. Kichwa tu ndicho kilichoonekana, na watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Akavua koti, akalitupa juu kwenye udongo.

"Leo sichezi," akasema. Wakacheka zaidi.

"Mke wangu alimwambia atupe magunia." Wakacheka. "Akasema magunia yana mwenyewe. Mke wangu pia alikuwa na mwenyewe." Kicheko kikapungua. Sauti yake ilikuwa kavu, haina mdundo wowote, sauti ya mtu anayeagiza sabuni dukani. "Alikuwa na sauti mbaya. Alikaa nje ya dirisha langu miaka yote na sikumwingiza ndani." Kisha akaanza kuwataja waliozama, mmoja mmoja, kwa majina yao na majina ya mama zao. Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja akaizima spika. Wanawake waliokuwa wanagawa maji wakasimama na vikombe mkononi. Akamaliza majina, akanyamaza.

Na watu wakanyamaza. Haki ya Mungu, nilikisikia kile kimya. Kilikuwa ndicho. Mstari wa nyuma alikuwepo mama mwingine wa Idete, si yule bibi, mwanawe wa kiume wa pekee alizama na mtumbwi ule, na tangu siku ile alikuwa hajawahi kulisema hilo mbele za watu; fulana ya Shujaa aliivaa kama wengine. Nikamwona anashika bega la mwenzake, ananyanyuka. Watu wakageuka. Hata mjane wa Shujaa akageuka. Yule mama akafungua mdomo.

Mwalimu hakumwona. Alikuwa shimoni, macho yake usawa wa viatu vyetu. Alichokipata kule chini kilikuwa kimya tu.

"Gunia lina kamba," akaanza, kwa sauti ile nzuri, "gunia limefika."

Watu walishusha pumzi kama wameokolewa. Waliitikia mpaka udongo wa kingo ukawa unamdondokea. Yule mama alikaa chini. Mwalimu alitolewa shimoni akiwa amebebwa, wakamvisha koti lake, wakampa jogoo.

Nilimwona tena baada ya miezi kadhaa, na sijamwona tangu hapo. Koti lilikuwa limechanika kwapani, alilituma kwangu, nikalipeleka mwenyewe Katindiuka jioni moja. Alikuwa peke yake. Amekonda. Alinimiminia togwa, akakaa kwenye kigoda, akatia mkono mfukoni akatoa mchele. Tuliongea habari za mvua na ndege wa mpungani. Nikajua linakuja.

"Siku ile ya marehemu," akasema. "Watu walisemaje, Fundi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu spika iliyozimwa, na vikombe, na yule mama wa Idete alivyosimama na kufungua mdomo. Aliacha kutafuna.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Ulianza kuimba."

"Yuko wapi sasa?"

"Amehamia Chita kwa binti yake. Kabla hajaondoka nilimuuliza alitaka kusema nini. Akaniambia amesahau."

Akautazama mchele mkononi.

"Kulikuwa kimya," akasema. "Nilidhani nimewachosha."

Ningeweza kumwambia neno la kumfariji. Mtu mzima, amezeeka, yuko peke yake. Lakini nilikuwa nimesimama nje ya mlango wake mara nyingi mno.

"Umeingia mapema, Mwalimu."

Alinitazama. Kisha akarudisha mchele mfukoni, akanyanyuka, akatoka, akasimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mikono nyuma. Giza lilikuwa linaanza na mbu wameshaamka. Nilibaki ndani nikanywa togwa yangu taratibu, na sikumwita arudi.